Simu Imejaa, Mbuzi Anacheza

Nyumba ya Fundi huamka kwa mlio wa cherehani. Chumba cha mbele ndicho karakana. Meza ya kukatia imekula nusu ya chumba. Nusu nyingine imeliwa na vitambaa. Humo hakitupwi kitu. Kipande kidogo kama kiganja kinawekwa. "Kitafaa kuwa mfuko," husema Mama. Kifungo kilichopotewa na wenzake kinawekwa pia. "Kitapata mchumba." Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Vifungo.

Fundi mwenyewe hasemi. Zamani alisema mno. Aliwatania wateja mpaka wakasahau kwamba nguo zao zimechelewa. Kisha akaugua koo, akapasuliwa, akapona. Uhai ulibaki, sauti ikaenda. Siku hizi anaongea kwa rula ya mbao. Akigonga meza mara moja, ni ndiyo. Mara mbili, ni hapana. Akigonga mfululizo, kimbia.

Kabla hajapasuliwa, binti yake alimrekodi kwa simu ya familia. Fundi alieleza kazi yake yote: namna ya kulaza kitambaa, kupanga mistari, kukata kola isipinde. Binti huyo wanamwita Futi, kwa sababu hatembei bila futi ya kupimia shingoni. Kila akipata nguo ngumu, husikiliza kwanza sauti ya baba yake. Sauti huanza hivi: "Nani kachukua mkasi wangu? Aa! Kumbe ninao mkononi." Futi hucheka kila mara. Fundi hukaa pembeni, anajifanya hasikii.

Siku moja kiwanda cha nguo kilitangaza kwamba kinatafuta mkataji. Futi aliomba, akaitwa kwenye mahojiano. Angehojiwa kwa video, saa nane mchana, kupitia programu ya kiwanda chenyewe. Angekata kola mbele ya kamera. Ujumbe wa kiwanda haukuwa na utani: "Asiyeonekana kwa wakati, nafasi yake atapewa mwingine."

Futi alipanga kupakua programu hiyo mapema. Lakini alikuja mteja mwenye suruali iliyopasuka. Na unamjua mteja mwenye suruali iliyopasuka: hawezi kwenda nyumbani akarudi kesho. Futi alipomaliza kumshonea, saa saba ilikuwa imeshapita.

Akachukua simu. Akabonyeza "Pakua".

Simu ikaandika: "Nafasi haitoshi."

"Mama! Simu inakataa!"

"Inakataa nini?"

"Imejaa!"

"Izime, uiwashe," akasema Mama.

"Mama, simu si mtoto. Kulala hakutaipunguzia shibe."

Hata hivyo akaizima, akaiwasha. Simu ikaamka na shibe yake ile ile. Futi akaanza kufuta picha. Alifuta bila kuangalia, kama mtu anayetupa vyombo nje nyumba ikiungua.

"Usifute gauni la bibi harusi!" Mama akapiga kelele. "Wala ile suti ya kijivu! Wala hiyo blauzi!"

"Sasa nifute nini? Kila kitu unakitaka!"

"Nilinunua hata memori kadi. Nikaitia humo ndani kwa mkono wangu. Sasa inajaaje?"

Futi akajaribu tena. "Nafasi haitoshi." Machozi yakamlenga.

"Namwita Mama Picha," akasema. Akatoka mbio, futi ikimpepea mgongoni. Mama Picha ni jirani. Anapiga picha za vitambulisho, na maisha yake yote yamo ndani ya simu na kamera.

Mama akaingia ndani kupasha pasi, ili anyooshe kitambaa cha mahojiano. Fundi akabaki peke yake na simu.

Akaitazama. Fundi ana kanuni yake ya kazi: nguo ikibana, tafuta kisicho na kazi, kitoe. Akajiuliza: katika simu hii, ni kitu gani hakina kazi tena? Akafungua mahali pa mafaili. Akaziona rekodi zimepangana, kila moja imeandikwa "Baba". Sauti ya mtu asiyesema.

Akazichagua zote. Akabonyeza "Futa".

Akairudisha simu mezani, akashika chaki yake. 

Mama Picha aliingia akihema. "Leteni mgonjwa!"

"Jirani, tuokoe," akasema Mama. "Saa nane hiyo inakuja."

"Mmeshafuta nini mpaka sasa?"

"Picha," akasema Futi. "Nyingi. Hata sijui zipi."

Mama Picha akaweka mikono kiunoni. "Ajabu! Nyie ni watu wa kupima. Mteja hakatiwi hata soksi kabla hajapimwa. Mbona simu mnaikata bila kuipima?"

Fundi akagonga meza mara moja. Kisha akainamisha kichwa.

"Fungua Mipangilio," akasema Mama Picha. "Umeona? Sasa bonyeza palipoandikwa Hifadhi. Hiyo ndiyo futi ya simu. Inakuonyesha nani anakula nafasi, na anakula kiasi gani."

Futi akasoma, macho yakamtoka. "Picha zimechukua kidogo tu. Video ndizo zilizojaa! Video gani? Mimi sipigi video."

"Bonyeza uone."

Akabonyeza. Akatokea mbuzi. Alikuwa amesimama kwa miguu miwili, anacheza muziki. Chini yake akatokea mbuzi mwingine. Hapana, alikuwa yule yule. Na chini yake tena, yule yule.

"Huyo ametumwa na mjomba kwenye kundi la ukoo," akasema Mama kwa aibu. "Halafu shangazi akamtuma. Halafu mjomba akasahau, akamtuma tena."

"Na simu ikampokea kila mara, ikamfungia chumba chake," akasema Mama Picha. "Simu yenu inapakua kila video inayotumwa, mtake msitake. Tutaizuia. Lakini kwanza tufungue njia."

"Na memori kadi yangu?" akauliza Mama.

"Iko tupu, Mama Vifungo. Umenunua kabati, ukaliacha tupu, nguo ukazirundika kitandani. Sasa unalia huna pa kulala! Simu haihamishi vitu yenyewe mpaka uiambie. Picha na video zihamie kwenye kadi. Programu hukaa humu ndani, kwa hiyo huku ndani ndiko kunakotakiwa nafasi. Kuhamisha kunachukua muda. Tutahamisha baadaye. Saa ngapi sasa?"

"Robo saa imebaki!"

"Futa mbuzi wote. Video zote za kundi ambazo hamzitaki, futa."

Futi akafuta. Mama Picha akamwonyesha programu ya muziki. Ilikuwa na jambo jingine: akiba. "Programu huweka mabaki pembeni ili kesho ifanye kazi haraka. Mabaki yakizidi, bonyeza Futa Akiba. Hakipotei kitu chako."

Kidole cha Futi kikaenda kwenye maandishi ya chini yake: Futa Data.

"Toa kidole!" Mama Picha akaruka. "Hiyo siyo akiba. Hiyo ni yote. Ukiibonyeza, programu inakusahau kama vile hamjawahi kuonana. Siku ukifanya hivyo kwenye programu ya ujumbe, unaweza kupoteza mazungumzo yako yote."

Futi akafuta akiba peke yake. Akabonyeza "Pakua".

"Nafasi haitoshi."

"Haiwezekani!" Futi akapiga kelele. "Mbuzi wote wameondoka!"

"Hawajaondoka. Wako pipani," akasema Mama Picha. "Kitu ukikifuta, mara nyingi hakitoki nyumbani. Kinawekwa kwenye pipa la taka kwa siku kadhaa, ili ukijuta ukirudishe. Na pipa lenyewe limo ndani ya simu hiyo hiyo, linakula nafasi ile ile."

"Basi nalimwaga!" Kidole cha Futi tayari kilikuwa juu ya pipa.

Rula ya Fundi ikapanda hewani. Ikabaki hapo. Haikushuka.

Mama alikuwa ameshika pasi. Aliitazama ile rula, akautazama uso wa mumewe. Ameishi na uso huo miaka mingi. Akaiweka pasi chini.

"Futi, ngoja."

"Mama, dakika zinakwisha!"

"Nimesema ngoja!"

"Mama yako yuko sahihi," akasema Mama Picha. "Pipa halimwagwi kabla ya kuangalia ndani. Likimwagwa, ndiyo basi, hata mimi siwezi kukusaidia. Fungua uone."

Futi akafungua huku akiguna. Mbuzi. Mbuzi. Video ya mtu akianguka kwenye matope. Gauni la bibi harusi. Kisha akasoma: "Baba, kola." "Baba, mistari." "Baba, mikono ya shati."

Futi akainua macho kutoka kwenye simu. 

"Nani amefuta hizi?" Futi akauliza polepole.

Rula ikagonga mara moja.

"Baba! Kwa nini?"

Fundi akaelekeza kidole kwenye simu. Akamwelekezea bintiye. Mwisho akagusa koo lake, akapangusa meza kwa kiganja, kama mtu anayeondoa vipande visivyo na kazi.

"Mume wangu," akasema Mama, "katika nyumba hii hata kifungo kimoja hakitupwi. Wewe ukajitupa?"

Mama Picha akaichukua simu, akatazama ukubwa wa zile rekodi. Akacheka mpaka akashika meza. "Fundi, shemeji yangu, njoo uone. Sauti ni nyepesi. Maneno yako yote haya, na ulivyokuwa msemaji, hayafiki hata mguu mmoja wa mbuzi! Ungefuta yote, na bado programu isingeingia."

Fundi akatazama. Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, bila sauti.

Futi akazichagua rekodi, akabonyeza "Rejesha". Mama akaomba na gauni la bibi harusi lirejeshwe. Likarejeshwa. Vilivyobaki vikamwagwa, mbuzi na ukoo wake.

"Pakua."

Mstari mdogo ukaanza kutembea. Ukafika katikati, ukasimama. Hakuna aliyepumua. Ukatembea tena.

Programu ikafunguka. Mama akalaza kitambaa mezani, bado kina joto la pasi. Simu ikaita.

Msimamizi wa kiwanda alikuwa mama mwenye miwani, asiyecheka ovyo. Alimwangalia Futi akikata kola. Kisha akauliza, "Kitambaa chenye mistari, utaanzia wapi?"

"Nitatafuta mstari wa katikati," Futi akajibu bila kufikiri. "Ukiushika huo, mingine itafuata yenyewe, kama watoto nyuma ya muuza peremende."

Yule mama akavua miwani. Akatabasamu. "Nani alikufundisha kusema hivyo?"

Futi akaigeuza simu. Fundi akaonekana, chaki sikioni. Akagonga meza mara moja.

Futi alipata kazi ile.

Siku ile ile ya mahojiano, kabla ya jirani kuondoka, walizima upakuaji wa video katika programu ya ujumbe. Walihamishia picha za nguo kwenye memori kadi. Waliondoa michezo ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliiweka. Rekodi za Fundi walizinakili kwenye kadi, na nakala nyingine Mama Picha akaziweka kwenye kompyuta yake. "Kitu cha thamani hakilali sehemu moja," alisema. "Na simu msiijaze mpaka shingoni. Iachieni nafasi ya kupumua, isije ikawanunia tena siku ya haja."

Sasa kila mwisho wa juma, Mama huipima simu kama anavyompima mteja. Hufungua Hifadhi kwanza, hutazama, ndipo hukata. Mjomba bado anatuma mbuzi. Hakuna anayemfungulia mlango.

Futi akienda kiwandani, karakana huwa kimya. Hapo Mama hubonyeza simu, na sauti hujaa chumbani: "Nani kachukua mkasi wangu?"

Na kila siku, Fundi hutazama mkononi mwake.