Mchele wa Mchombe Wavuka Bahari

Mwezi wa sita ulipoingia, kijiji kizima cha Mchombe, mkoani Morogoro, kilinukia mpunga mpya. Kila nyumba ilikuwa na kazi. Huku watu wanapura, kule wanapeta, na barabarani pikipiki za matairi matatu zinapita na magunia. Odilia alichemsha chai, akawapa watoto, kisha akafagia uwanja mbele ya nyumba. Mumewe, Theodori, alikuja na gunia begani, akaumwaga mpunga palepale, juu ya udongo.

"Jua la leo kali," alisema Theodori. "Jioni tunauanua, kesho mashineni."

Ndivyo walivyoanika tangu walipooana. Baba yake Theodori naye alianika hivyohivyo.

Odilia alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaolima mpunga. Wanachama walitoka vitongoji vitatu. Asubuhi hiyo simu yake iliita. Aliyepiga alikuwa Bi Echati, mfanyabiashara kutoka Komoro. Walikuwa wamekutana mwaka uliopita kwenye maonyesho ya Nanenane, Morogoro. Bi Echati alikula wali wa kikundi, akaomba sahani ya pili, kisha akachukua namba.

"Nipo Dar es Salaam," alisema. "Baada ya wiki tatu nitakuja kwenu. Nataka tani kumi za mchele. Lakini nikikuta mawe, siuchukui."

Mchana ule Odilia aliitisha kikao. Digna, katibu wa kikundi, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Komoro si kisiwa tu, mwenyekiti? Wavuvi wachache kwenye jiwe la baharini. Tani kumi watazimaliza lini?"

Wanawake wa kitongoji cha Mtoni walikuwa na lao. "Mpunga wetu ni wa mbegu ya Supa, tena safi," walisema. "Kwa nini tuuchanganye na wenu? Sisi tutauza peke yetu."

Na wale wa kitongoji cha tatu walitaka mwenyekiti atoke kwao. Kikao kikavunjika bila uamuzi.

Odilia hakwenda nyumbani. Alipita dukani kwa jirani yake, Mzee Abdulkarim, muuza mbegu na mbolea. Kabla ya kuoa Mchombe na kuhamia huko, mzee huyu alifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye meli ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Moroni, mji mkuu wa Komoro.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

Odilia alimweleza yote. Mzee Abdulkarim alivuta kiti, akamkaribisha.

"Kwanza, Komoro si kisiwa kimoja," alisema. "Nchi yao ni visiwa vitatu: Ngazija, Nzwani na Mwali. Watu wao ni zaidi ya laki nane. Ni wachache ukilinganisha na sisi. Hawafiki hata theluthi moja ya watu wa mkoa wa Morogoro. Lakini karibu wote wanakula wali."

"Hawalimi mpunga?"

"Kidogo sana. Ardhi yao ni milima na mawe ya volkano. Wanalima karafuu na vanila. Wanalima na mlangilangi, ua linalotoa mafuta ya manukato. Hivyo ndivyo vitu wanavyouza nje. Mchele mwingi wanaununua kwa wenzao. Tena kule Ngazija kuna harusi kubwa, mwezi wa saba na wa nane, ndugu zao wanaoishi Ufaransa wakirudi likizo. Siku ya harusi mtaa mzima unalishwa. Mtu akiuma jiwe kwenye wali wa harusi, mwenye harusi anaaibika miaka."

Odilia alianza kuelewa kwa nini Bi Echati alitaja mawe.

"Na hivyo visiwa vitatu, nani anavitawala?"

"Hapo sasa ndipo penye somo lenu," alisema mzee. "Kila kisiwa kina gavana wake. Juu yao yupo rais mmoja na bunge moja. Waliwahi kugombana vibaya, hata kisiwa kimoja kikataka kujitenga. Wakakaa, wakaandika katiba mpya, na kwa miaka kadhaa urais ukawa unazunguka kutoka kisiwa hadi kisiwa. Siku hizi utaratibu huo wameubadilisha, na bado wanabishana. Lakini nchi imebaki moja. Mtoni peke yao wana tani kumi?"

"Hawana. Hata tatu hawana."

"Basi nenda kawaambie hivyo."

Kesho yake Odilia aliita kikao tena, na Mzee Abdulkarim akaja naye. Odilia aliwaonyesha kwamba hakuna kitongoji chenye tani kumi peke yake, na safari hii Digna hakucheka. Walikubaliana kwamba kila kitongoji kitachagua mkaguzi wake, na uenyekiti utazunguka kila mwaka. Mchele utauzwa kwa jina moja. Mzee aliwafundisha pia namna ya kuanika.

"Tandikeni turubai," alisema. "Tandazeni mpunga kwa unene wa vidole viwili, mkiugeuza mara kwa mara. Jua likiwa kali mno, ufunikeni kidogo. Udongo unatia mawe. Tena mpunga ukichomwa na jua kwa haraka, punje zinapasuka ndani, na mashineni zinatoka chenga. Punje iliyokauka vizuri ukiiuma inakatika ka. Ikibonyea, bado."

Kanuni ikapita: mpunga ulioanikwa chini haupokelewi.

Siku ya nne baada ya kikao Digna, aliyechaguliwa kuwa mkaguzi wa kitongoji cha Odilia, alifika kwa mwenyekiti mwenyewe. Aliingiza mkono kwenye magunia matatu ya Theodori. Akatoa mpunga kiganjani, na kokoto mbili ndogo.

"Shemeji, haya hayaingii," alisema.

Theodori alimtazama mkewe. "Mama Levina, mwenyekiti si wewe? Sema neno."

Odilia alizitazama zile kokoto kiganjani mwa Digna. Ule ulikuwa mpunga wao, jasho lao la tangu masika. Lakini kanuni aliisoma yeye mwenyewe mbele ya wanawake wote.

"Digna amesema kweli, Baba Levina."

Theodori alikula chakula cha mchana, akasukuma sahani. Kisha akabeba gunia moja la mpunga wake, akaomba na debe moja la mpunga wa Digna ulioanikwa kwenye turubai, akaenda mashineni. Alikoboa wake kwanza, halafu ule wa Digna. Akaweka michele miwili kwenye sinia mbili, akakaa akiitazama. Mchele wake ulikuwa na chenga karibu nusu. Wa Digna ulikuwa na punje nzima, ndefu, nyeupe.

Alirudi nyumbani na sinia zote mbili.

"Miaka yote hii," alimwambia Odilia, "tunavunja mchele wetu wenyewe, halafu tunamlaumu mwenye mashine."

Kesho yake alinunua turubai dukani kwa Mzee Abdulkarim. Mpunga wa magunia mawili yaliyobaki waliupeta na kuuchambua, ukawa wa kula nyumbani. Mpunga uliobaki shambani aliuanika mwenyewe, akiugeuza kila saa. Kuku akisogea, anamfukuza. Mtoto akikanyaga turubai, anaambiwa avue ndala kwanza.

Bi Echati alifika siku aliyoahidi, amejifunga leso ya rangi ya machungwa. Aliongea Kiswahili chenye lafudhi ya kwao. Alizamisha mkono hadi ndani kabisa ya magunia, akamimina mchele kwenye sinia, akauma punje. Theodori alisimama nyuma ya wanawake, akichungulia sinia.

"Huu nauchukua," alisema Bi Echati. "Wote."

Alikuwa na kibali cha kuingiza mchele kutoka serikali ya kwao. Odilia na Digna walifuata cheti cha afya ya mimea, baada ya mkaguzi wa serikali kuupima mzigo. Lori liliondoka Mchombe mchana kweupe kwenda bandarini Dar es Salaam, na vitongoji vitatu vilitoka kulitazama.

Mwezi wa nane Bi Echati alituma picha kwenye simu. Sinia kubwa za wali zilikuwa zimepangwa, na wazee wamevaa majoho ya harusi. Chini aliandika: "Watu mia nne wamekula. Hakuna aliyeuma jiwe. Mwakani nataka tani ishirini."

Kikundi kilitumia sehemu ya faida kujenga uwanja wa saruji wa kuanikia, juani, karibu na mashine. Wanawake wa Mtoni ndio waliobeba mchanga mwingi kuliko wote. Siku ya kumwaga saruji, Theodori alikuwa na pipa la maji na mwiko mkononi, akisawazisha kona ya mwisho kwa uangalifu mkubwa, na hakuruhusu mtu yeyote aikanyage mpaka ikauke.