Baiskeli ya Mama Zaira

"Pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na nati zote, shoga. Ukiilazimisha unang'oa meno yake," Nives akaonya.

Ornella akageuza spana upande wa pili. Pedali ikalegea bila ubishi, akacheka peke yake. Ulikuwa mwezi wa tatu sasa, kila Jumanne na Alhamisi mchana, anajificha kwenye karakana ya Nives. Amejifunza kuziba pancha, kukaza breki, kisha uani, kupanda na kuanguka. Miguu ilijaa michubuko na mumewe, Walter, hajawahi kuuliza ya nini.

Mtu wa miaka hamsini na miwili, mkazi wa Ferrara, hajui baiskeli! Mji ambao vikongwe huenda sokoni kwa baiskeli, mwavuli mkononi. Ornella aliolewa kutoka milimani, ikawa kila Jumatatu ya Pasaka, watu wakipanda tuta la mto Po na vikapu vya chakula, Walter anatangulia na wenzake, yeye anafuata kwa basi na sufuria mapajani. Siku hizi hata maneno yamewaishia. Mwaka huu alijiapiza ataendesha bega kwa bega na mumewe, labda ndoa itapata pumzi.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Walter: "Leo tena karata kwa Ivano. Usinisubiri chakula."

Nives akaguna, akauliza hizo karata zina nini. Ornella akamtetea: mwanamume akistaafu lazima apate pa kwenda.

Baiskeli waliyokuwa wakiifungua ililetwa asubuhi na mama mmoja mpole, Mirca. Alieleza kwamba ni zawadi ya mchumba wake, ila gurudumu la nyuma linayumba na rangi inabanduka. Ornella akalinyoosha gurudumu, akarudisha pedali, akachukua msasa. Chini ya rangi nyekundu ikatokea ya kijani. Chini ya kiti zikatokea herufi mbili zilizogongwa kwa msumari: Z.T.

Mkono wake ukasimama.

Herufi zile za jina lake alizigonga mama mkwe wake, Zaira, kwa nyundo yake mwenyewe. Kabla ya kufariki alimwambia, hii ni yako, mwanangu, ujifunze. Wiki moja baada ya mazishi Walter alirudi kwa miguu, akasema imeibwa stesheni. Nani angehoji? Ferrara mtu akisema baiskeli yake imeibwa, unampa pole, yanaisha. Siku ile Ornella alimpikia mpaka supu, kwa kumhurumia.

"Pengine mwizi aliiuza," Nives akasema taratibu. "Huyo mchumba naye kainunua tu."

"Pengine. Nipe anwani, naipeleka mwenyewe."

"Hujawahi kutoka nje ya ua, Ornella."

"Leo natoka."

Akatoka. Kona ya kwanza nusura avamie ukuta, ya pili akapita, na njia nzima alikuwa akiomba awe amekosea. Mtaa wa tatu akashuka, akabonyeza kengele.

Aliyefungua ni Walter. Amevaa ndala, kitambaa cha jikoni begani.

"Ornella? Umefikaje huku?"

"Kwa baiskeli."

Akaitazama baiskeli, akaitazama grisi mikononi mwa mkewe. Mirca akatokea nyuma yake akiuliza kama fundi ameshamaliza.

"Gurudumu tayari," Ornella akamwambia. "Rangi sikumaliza. Mimi ni mke wake."

Mirca akamgeukia Walter.

"Uliniambia mkeo alikufa."

Walter akamkodolea macho Ornella, na kati ya yote ya kuuliza, akauliza hili:

"Umejifunza lini kuendesha?"

"Tangu Januari. Nilitaka Pasaka hii tuongozane, mimi na wewe. Nilitaka kukufurahisha." Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. "Nilikupa pole, Walter. Umeniibia baiskeli, nami nikakupa pole. Na kumbe mimi mwenyewe ulishanizika."

"Ingia ndani tuzungumze, tafadhali."

"Ndani kwa nani?"

Akamwomba Mirca radhi kwamba baiskeli anaondoka nayo, maana aliachiwa yeye. Mirca akatikisa kichwa akikubali, akaingia ndani na kufunga mlango. Walter alibaki nje.

Ornella akapanda. Mara ya kwanza mguu uliteleza, mara ya pili akakaa. Nyuma akasikia ndala zikimkimbilia, jina lake likiitwa mara tatu kwa sauti ya mtu anayelia. Alitamani kugeuka, jamani, miaka ishirini na sita si mchezo. Lakini kugeuza kichwa huku unaendesha Nives alikuwa hajamfundisha, na kuanguka mbele ya Walter hakutaka. Akakaza macho mbele, akakanyaga.