Jembe la Posa na Korongo wa Kifanya

"Jumapili mshenga Efraimu aje achukue jembe lake! Posa imekufa!"

Baba yangu, mzee Manase, alipaza sauti bondeni mpaka korongo wakainua shingo zao kwenye viota. Mimi nilikuwa nimesimama na kapu la mbegu, miguu imezama kwenye tope, sijui niuweke wapi uso wangu.

Mbele yake alisimama Enoki, mchumba wangu, kofia mkononi. Nyuma yake walikuwa wanakwaya wenzetu wa Kifanya, vijana kumi, wote wamejitolea bila kulipwa hata kikombe cha togwa.

"Baba, sikukatazi kuwasha moto," Enoki alisema. "Naomba wiki tatu tu. Makinda hawajaota manyoya ya kurukia. Mwaka jana tuliwaokota humu wameungua."

"Wiki tatu! Na kinyungu changu, bustani ya humu bondeni, nitakilima lini? Mvua ikishanyesha?"

"Basi turuhusu tulime kinga ya moto kuzunguka matete yenye viota."

"Limeni! Kesho asubuhi nawasha. Mkiwa mmemaliza, haya. Msipomaliza, shauri yenu. Na jembe litarudi vilevile. Sitaki mkwe wa kunifundisha kilimo!"

Ninyi wa siku hizi mnaoposana kwa simu, ngojeni niwaeleze. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Kwetu mshenga alileta jembe jipya, nalo likatundikwa juu ya jiko. Hakuna kuligusa. Siku binti akilichukua na kulilimia, amekubali mume. Likiwa halijagusa udongo, linaweza kurudishwa. Likishagusa, hakuna baba wa kulirudisha, awe mkali namna gani.

Langu lilikuwa na miezi miwili pale juu. Enoki alikuwa kibarua wa barabara Makambako. Juzi yake alipofika na ruhusa ya wiki moja, nilijua amenifuata mimi. Kumbe amefuata ndege!

Mchana ule Telesia, rafiki yangu wa sauti ya kwanza, aliniletea karatasi kutoka bondeni. Iliandikwa hivi:

"Priska, tuko kumi na mmoja na majembe sita. Baba akirudisha jembe sitakulaumu. Lakini makinda siwaachi. Wako, Enoki."

Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Eti hatanilaumu! Kwa hiyo mimi niachike hivihivi, na yeye abaki na korongo wake?

Mama yangu, Idda, alikuwa akisonga ugali. "Anasemaje?"

"Wana majembe sita, mama."

"Sita? Hawamalizi." Kisha akatazama juu ya jiko, akanitazama mimi.

"Mama, baba alisema lisiguswe."

"Alisema, nilimsikia. Mimi naenda kuchota maji." Ndoo ilikuwa imejaa pomoni. Alimwaga maji nje, akaondoka.

Nilipofika bondeni Enoki alikuwa kifua wazi, tope mpaka kiunoni. Aliponiona alisimama wima.

"Priska! Hilo jembe..."

"Unalitambua?"

"Baba yako atakuua!"

"Nianze kukuua wewe, uliyeandika hutanilaumu. Nani kakuambia mimi ni wa kuachwa kwa karatasi?"

Wanakwaya waliangua kicheko. Enoki alifuta uso, akauzidishia tope.

"Unajua maana yake ukililimia?"

"Najua. Wewe unajua?"

"Najua," alisema, akanipisha kwenye mstari. "Lima basi, mke wangu."

Nikalima! Udongo mweusi wa bondeni ukalishika jembe langu, nikaona raha mpaka machozi. Tulilima tukiimba, sauti zote nne. Jua lilipozama kinga ilikuwa imekutana, imeyazunguka matete yote. Nililitundika jembe mahali pake bila kuliosha.

Asubuhi baba aliwasha. Mwanzo moto ulikwenda kwa adabu, halafu upepo ukageuka. Tuliuona ukija mbio upande wa viota, na nyuma ya viota kulikuwa na miti ya miwati ya jirani yetu Nahumu, shamba zima. Baba alitupa kijinga, akashika kichwa.

"Mungu wangu! Miwati ya watu!"

"Matawi!" Enoki alipiga kelele. "Kila mtu ashike upande wake!"

Moto ulifika kwenye kinga, ukatafuta pa kupita, ukakosa. Cheche zilizoruka tulizipiga kwa matawi mabichi. Ulipozima, korongo walikuwa wamekaa juu ya viota vyao, na makinda wanadai chakula kwa kelele. Tulirushiana kofia na vitambaa. Baba alikung'uta majivu nguoni, akaondoka.

Jumapili baada ya ibada mshenga Efraimu alikuja na uso wa msiba.

"Kamwene, Manase. Nimeitika wito."

"Kamwene." Baba alisimama akalitungua jembe. Neno lake alikuwa amelitoa mbele ya watu, na hakuwa mtu wa kulimeza. "Chukua."

Efraimu alilipokea, akaligeuza, akalikwaruza kwa ukucha.

"Manase, jembe hili lina udongo."

"Udongo gani?"

"Wa bondeni. Mweusi."

Baba aligeuka. Mama aliangalia chungu. Enoki alishika mwimo wa mlango.

"Nani amelilimia?"

"Mimi, baba," nilisema.

"Wapi?"

"Kwenye kinga ya moto. Upande wa miwati ya Nahumu."

Alinitazama. Nilijua anaikumbuka kinga iliyozuia moto upepo ulipogeuka. Akalichukua jembe mikononi mwa Efraimu, akalirudisha juu ya jiko.

"Basi nimelimiwa," alisema, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Enoki, ingia ndani. Mkwe hasimami mlangoni."

Mama alipiga vigelegele mpaka Nahumu akaja mbio, akidhani moto umerudi.

Tarehe ya harusi baba alikataa kuitaja. Kila asubuhi alikwenda bondeni peke yake, anarudi na tope miguuni. Wiki ya nne alirudi anakimbia, mzee mzima, kofia mkononi.

"Wameruka!" alipiga kelele toka njiani. "Wote wameruka! Sasa iteni kwaya, tuozeshe!"