Isale la Basili

Alfajiri ya Jumatatu, Mama Theodora wa Uru aliingia bandani na mzigo wa majani, akakuta kamba tupu. Ng'ombe wake wa maziwa, ambaye tangu azaliwe hajawahi kutoka nje ya banda lile, hayupo! Alipiga yowe, majirani wakajaa uani.

Mara jirani yake Basili akatokea kwenye migomba, kashika jani la isale lililofungwa fundo. Mchagga akikuletea isale anakuomba msamaha, na huna pa kukwepea.

"Mama, nimekukosea," alisema.

Watu wakaguna. Kumbe ndiye! Hata hajamaliza maneno, keshakamatwa.

Sajenti Ronald, mpelelezi, naye mzaliwa wa mlimani, hakujisumbua. Isale limeletwa, basi mwizi kakiri. Jani likatiwa kwenye mfuko wa vidhibiti. Mchana Fabian, mtoto wa kaka yake Theodora, mwenye kigari cha kirikuu cha kubebea mpunga, akapiga simu. Ng'ombe ameonekana Mabogini, kule chini tambarare, alisema, na usiku alimwona Basili akimswaga barabarani. Ng'ombe akarudishwa, jalada likafungwa, Basili akaenda mahabusu.

Mkewe, Flavia, akakataa kunyamaza. Alishuka Moshi mjini hadi ofisi ya serikali inayokagua kazi za wapelelezi.

"Jumapili binti yetu Doris anapata kipaimara," alimwambia mkaguzi. "Ameapa bila baba yake haendi kanisani. Naomba kesi hii iangaliwe upya."

Mkaguzi huyo, Elinipendo, alikuwa mama mnene, mcheshi, anayeipenda kazi yake utadhani analishwa asali. Amekulia Old Moshi akikata majani ya ng'ombe. Alhamisi asubuhi akamchukua Ronald, wakapanda Uru.

"Sajenti, ng'ombe aliporudi ulimtazama?"

"Nimtazame kwa nini, mama? Si amepatikana?"

"Haya, tumtazame leo."

Wakainama bandani. Kwato zilikuwa ndefu, zimejikunja mbele kama ndala zilizoachwa juani, na ncha zake nzima kabisa.

"Huyu ndiye aliyetembea juu ya mawe kutoka huku hadi Mabogini?" aliuliza Elinipendo.

Ronald akakuna kichwa.

Kutoka hapo walikwenda mahabusu. "Basili, isale lilikuwa la nini?"

"La maji, mama. Jumapili ilikuwa zamu ya Mama Theodora kwenye mfereji, mimi nikayageuzia maji shambani kwangu. Usiku aibu ikaninyima usingizi. Nilikwenda kuomba radhi, nikakuta kilio."

"Mbona hukumwambia Sajenti?"

"Nilimwambia! Akasema hayo nikamweleze hakimu."

Elinipendo akamgeukia Ronald. "Uliyaandika?"

"Hapana, mama," alisema Ronald, macho chini.

Ijumaa wote waliitwa uani kwa Theodora. Theodora alikiri kwamba Jumapili ile maji hayakumfikia. Fabian akafika na kirikuu chake, anatabasamu.

"Ulimwona Basili akimswaga ng'ombe?" aliuliza Elinipendo.

"Kwa macho yangu haya."

"Na ng'ombe alikuwa anatembea?"

"Anakimbia kabisa!"

Theodora aliangua kicheko. "Huyu? Akimbie? Hata mlangoni kufika anagoma!"

Elinipendo alikwenda taratibu kwenye kirikuu, akafunua turubai. Kwenye nyufa za mbao mavi ya ng'ombe yalikuwa yamekauka.

"Fabian mwanangu, tangu lini mpunga ukanya?"

Tabasamu likamtoka Fabian. Alimtazama Theodora, machozi yakamlenga.

"Shangazi, uliniahidi huyu ng'ombe tangu akiwa ndama. Juzi ukatangaza unampa binti yako Kindness. Iliniuma! Nikaja na vijana, tukambeba hadi garini. Kulipokucha watu wa Mabogini wakaanza kuuliza, nikaogopa. Niliposikia Basili kakamatwa, nikaona bora yeye."

"Ungenisema mimi, baba," alisema Theodora. "Basili kakukosea nini?"

Fabian alipelekwa kituoni, na Jumamosi Basili akarudi nyumbani. Jamani, Flavia alilia na kucheka kwa pamoja.

Jumapili, Doris akiwa na gauni jeupe na baba yake kando, ndizi za machalari zinapakuliwa na pombe ya mbege inazunguka, Ronald akaingia uani kwao bila sare. Alishika majani mawili ya isale, moja kavu na moja bichi.

"Baba Doris, hili kavu ni lako, limetoka kwenye vidhibiti. Hili bichi ni langu. Ulisema, sikukusikiliza."

Basili akamwacha asimame kidogo. "Sajenti, una uhakika? Siku hizi mtu akileta isale anafungwa!"

Uwanja mzima ukacheka, hata Ronald. Basili akalipokea lile bichi, kisha akavuka ua na lile kavu hadi kwa Mama Theodora.

"Nilikuwa sijamaliza, mama. Ni la maji."

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema Theodora, akalipokea kwa mikono miwili.

Ronald akamtazama Elinipendo. "Kwa hiyo yameisha, mama?"

"Kwa Basili yameisha," alijibu Elinipendo, mdomo umejaa ndizi. "Taarifa yangu inakwenda kesho, na jina lako limo."

"Sawa, mama," alisema Ronald, akavuta kiti, akakaa karibu na Basili.