Jumamosi Tano za Uongo

"Shemeji! Jamani, umepona!"

Ticha alikuwa ametia mguu mmoja ndani ya boti, mwingine bado uko kwenye ngazi ya gati. Akaganda hapohapo.

"Nimepona nini?"

Kipara alikuwa amechuchumaa kando ya injini, kitambaa chenye grisi mkononi, uso umejaa furaha ya kweli.

"Si huo mgongo wako. Mumeo alisema hata kujigeuza kitandani ni kazi. Wiki tano! Nilitaka kuja kukujulia hali, akaniambia hutaki wageni."

Nyuma yake, Ticha alimsikia mumewe akikohoa. Hakikuwa kikohozi cha mtu mwenye mafua.

"Mgongo," akasema Ticha taratibu. "Ndiyo. Mgongo."

Simu ya Kipara ikalia ndani ya mfuko wa plastiki aliouning'iniza shingoni. Alikuwa ameiwasha muda huohuo. Akaitoa, akasoma, na ile furaha usoni ikamporomoka.

"Ni nani?" akauliza Ticha.

"Hakuna kitu, shemeji. Wale watu wa matangazo."

"Nisomee tangazo lao."

"Shemeji, mimi kinyozi tu, mambo ya watu..."

"Lete nisome mwenyewe."

Kipara alimtazama mume wa Ticha, naye akatazama maji. Simu ikapita mikononi. Ujumbe ulikuwa umetumwa saa kumi na moja alfajiri:

*Ndugu yangu, leo nakuja na mke wangu, kang'ang'ania. Chonde chonde usiulize habari za mgongo. Nitakueleza.*

Ticha akasoma mara mbili, kama anavyosoma daftari la mwanafunzi aliyenakili kwa jirani yake. Kisha akarudisha simu, akashuka ndani ya boti na kukaa kwenye ubao wa katikati.

"Mke wangu, turudi nyumbani tukaongee," akasema mumewe.

"Nyumbani kuna milango. Wewe utatokea mmoja na mimi nitatokea mwingine. Twende baharini."

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Fundi, mkewe naye akiwemo. Ticha alifundisha darasa la kwanza, watoto arobaini na watatu. Huu ulikuwa mwaka wao wa nne wa ndoa. Kila Jumamosi Fundi huenda kuvua na Kipara, yule kinyozi asiye na hata unywele mmoja kichwani, kwenye kiboti kidogo chenye injini ya kukohoakohoa. Hawavui kwa biashara. Wanatafuta upepo, wanacheka, wanarudi mchana na samaki wawili watatu wa kitoweo.

Lakini Jumamosi tano zilizopita, samaki walikuwa wanakuja nyumbani wameshaparuliwa magamba na kutolewa matumbo. Wa mwisho alikuwa na barafu ndani ya mdomo. Ticha hakusema kitu. Alisema tu Ijumaa jioni, akikunja nguo: "Kesho nakwenda na wewe."

Na alikuwa na sababu kubwa ya kuogopa kuliko samaki. Wiki sita nyuma, mama mkwe alipiga simu, akamwambia maneno ambayo hakuyasahau hata akiwa ubaoni mbele ya watoto: "Mwanangu hawezi kuzeeka akilea watoto wa shuleni kwako. Kama wewe huna cha kumpa, atatafuta pa kukipata. Na mimi nitamsaidia kutafuta."

Boti ikaondoka. Majengo ya ufukweni yakawa madogo kama vibiriti. Kipara akazima injini, akatupa nanga, akafunga kamba. Kila jambo alilifanya polepole sana, kama mtu asiyetaka kazi iishe. Akatia vipande vya ngisi kwenye ndoana tatu, akampa Ticha mshipi mmoja.

"Shika hivi, shemeji, kidole juu ya uzi. Akigusa utamsikia. Usivute mpaka avute yeye."

"Asante. Na wewe geukia kule."

"Nimeshageuka. Na masikio yangu haya, tangu utotoni, upepo ukiwa hivi sisikii kabisa."

Ticha akateremsha uzi majini, akautazama ukizama.

"Anaitwa nani?"

"Nani?" akauliza Fundi.

"Huyo mwanamke. Sitaki kugombana. Nataka jina tu, nijue namwachia nani mume."

"Ticha, hakuna mwanamke."

"Ana watoto? Mama yako kamchagua mwenye watoto tayari, au kamchagua binti mdogo wa kuanza naye?"

"Nakuapia hakuna mwanamke!"

"Basi Jumamosi tano ulikuwa wapi? Baharini hukuwepo. Nyumbani hukuwepo. Mimi kitandani na mgongo sikuwepo. Ulikuwa wapi?"

Fundi akashika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili.

"Nikikuambia utaniacha."

"Begi langu liko chini ya kitanda tangu Jumatano. Limejaa. Niambie."

Boti ikayumba kidogo. Kipara, mgongo ukiwa umewaelekea, akaanza kupiga mluzi wimbo usio na mwanzo wala mwisho.

"Nilikuwa hospitali," akasema Fundi.

Ule mluzi ukakatika.

"Hospitali? Unaumwa?" Sauti ya Ticha ikabadilika yote. "Unaumwa nini? Fundi, nitazame. Unaumwa nini?"

"Si hivyo. Sikiliza. Siku ile mama alipokupigia, nilikuwa koridoni, na sauti yake inavyopaa kwenye simu. Nilisikia. Nilikuona umekaa jikoni umeinamia sinki, bomba linamwaga maji na huoshi chochote. Nikasema nitakwenda kupima, nipate karatasi, nimwonyeshe mama kwamba..."

"Kwamba nini?"

"Kwamba mimi ni mzima. Huo ndio ukweli wangu, wala sitaupaka rangi. Nilijua ni wewe. Miaka yote nilijua ni wewe, nikajiona mwanamume mwema kwa kuwa sikukuacha."

Miaka miwili nyuma Ticha alikwenda kupima peke yake, akarudi na karatasi inayosema hana tatizo lolote. Fundi aliisoma akiwa amesimama, akamrudishia. "Hivi vipimo navyo hukosea," alisema, na akaenda kutazama mpira.

"Endelea."

"Jumamosi ya kwanza nilipima. Ya pili wakaniambia nirudie. Ya tatu wakapiga picha. Ya nne daktari akaniita, akafunga mlango, na..."

Hapo mshipi wa Ticha ukavutwa kwa nguvu, uzi ukampita kwenye kiganja kama wembe.

"Shemeji, kashika!" Kipara akageuka, kisha akakumbuka, akageuka tena. "Samahani! Sioni kitu!"

"Na nini?" Ticha alikuwa ameukamata uzi kwa mikono miwili, miguu ameikaza kwenye mbavu za boti, wala hakuutazama. Alimtazama mumewe.

"Mwachie samaki huyo, mkono wako unatoka damu."

"Simwachii. Na nini?"

"Ni mimi!" Fundi alipiga kelele hadi sauti ikapasuka. "Ni mimi, Ticha. Tatizo ni langu. Wewe huna kitu, hukuwahi kuwa na kitu. Ni mimi miaka yote minne!"

Yule samaki alizunguka chini ya boti. Ticha akazunguka naye, akavuta, akaachia, akavuta. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Rudia."

"Ni mimi."

"Rudia tena."

"Si wewe. Ni mimi."

Kipara hakuvumilia. Alikuja kwa magoti, akaudaka uzi mbele ya mikono ya Ticha, Fundi naye akaudaka nyuma yake, wakavuta wote watatu, na kolekole mkubwa mwenye kung'aa akaruka juu ya ukingo, akaanguka katikati ya miguu yao akipigapiga mkia. Hakuna aliyemshangilia. Ticha alikaa chini kwenye maji ya boti, sketi imelowa, akalia kwa sauti. Halafu, katikati ya kilio, akaanza kucheka.

Fundi alikiogopa kicheko hicho kuliko kilio. "Mke wangu?"

"Hakuna mwanamke," akasema Ticha.

"Hakuna."

"Na huumwi ugonjwa wa kufa."

"Siumwi. Daktari anasema ni mishipa ya damu imevimba, inazuia mbegu. Ni operesheni ndogo, unaingia asubuhi unatoka jioni. Wengi wanapona. Si wote, ila wengi."

"Uuuh!" Akavuta pumzi ndefu. Mabega yake, ambayo yalikuwa yamepanda tangu sijui lini, yakashuka. Kwa dakika nzima alikaa akipumua tu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.

Kisha akamtupia mumewe chambo kizima usoni.

"Mshenzi wewe!"

"Nastahili."

"Wiki mbili! Tangu Jumamosi ya nne unajua, na Jumapili yake mama yako akaja nyumbani, akaniita gogo lisilochipua mbele ya dada zako, na wewe umekaa pale unakula! Ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia nini jikoni? 'Mvumilie, ni mtu mzima.' Nimvumilie! Na Jumamosi ya tano? Uliendea nini hospitali, kama ulishapewa majibu?"

Fundi aliinama. Kipande cha ngisi kilikuwa bado kimemganda begani. "Daktari alisema nirudi na wewe, atueleze wote wawili. Sikuweza kukuambia. Nikaenda peke yangu, nikafika getini, nikashindwa kuingia. Nilikaa kituo cha basi mpaka saa saba, nikapita sokoni nikanunua samaki."

"Mwenye barafu mdomoni."

"Uliona?"

"Fundi wa majokofu mzima! Hukuweza hata kumyeyusha kwanza?"

Kipara akatoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Ticha akamtazama, akajaribu kukaza uso, akashindwa. Wakacheka wote, Fundi akicheka na kulia kwa pamoja, mpaka akachukua leso yake na kuanza kumfunga mkewe kiganja kilichokatwa na uzi. Ticha alimwachia mkono. Uso bado aliugeuzia pembeni.

"Niliona haya," akasema Fundi chinichini. "Si kwa watu. Kwako. Kila nilipokutazama niliona yote uliyobeba kwa ajili yangu, nikasema nikifungua mdomo tu, huyu anaondoka, na ana haki."

"Haki ninayo. Bado ninayo." Akautazama mkono wake uliofungwa. "Mpigie mama yako."

"Tukifika nyumbani, nikikaa vizuri..."

"Sasa hivi. Aliyonisema aliyasema mchana mbele ya watu. Na wewe sema mchana mbele ya watu. Shemeji yupo."

"Mimi sipo," akasema Kipara, "lakini hapa mtandao ni mbovu. Pale karibu na boya jekundu unashika vizuri." Na kabla hajajibiwa, alikuwa anavuta nanga.

Pale karibu na boya simu iliita mara nne. Fundi akaweka sauti ya nje.

"Baba!" Sauti ya mama ilijaa boti nzima. "Mmepata samaki?"

"Tumepata, mama. Mama, umekaa?"

"Nachambua mchele. Kuna nini?"

"Mama, lile suala la mtoto. Nimekwenda kupima. Mke wangu hana tatizo. Mwenye tatizo ni mimi."

Mchele ulisikika ukimwagika kwenye sinia.

"Nani amekuambia useme hivyo? Yeye?"

Ticha akafumba macho. Fundi akaisogeza simu karibu na mdomo, na sauti yake, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, haikutetemeka.

"Mama, usifanye hivyo. Daktari amenionyesha picha, ni mimi. Na siku ulipomwita gogo nilikuwa nimeshajua, nikanyamaza. Ile ni aibu yangu, nitaishi nayo. Ila kuanzia leo, neno lolote juu ya mke wangu, niambie mimi. Gogo ni mimi."

Kipara akaichungulia simu aone kama imekatika.

"Mama, upo?"

"Nipo." Sauti ilikuwa imekuwa ndogo. "Yupo hapo?"

"Yupo. Anakusikia."

"Mwanangu." Alimaanisha Ticha, na hakuwahi kumwita hivyo. "Huyu mumeo nilimpata mwaka wa sita wa ndoa. Mwaka wa sita! Mama wa mume wangu alikuwa ananinyima hata kiti, ananiambia kiti ni cha waliozaa. Sijui niliyasahau vipi. Sina uso wa kukuomba msamaha kwenye simu. Nitakuja."

Ticha angeweza kusema yote mawili, ya kuponya na ya kuua, na yote yalikuwa ya kweli.

"Mama, leo sina la kukujibu. Uliniumiza sana. Lakini njoo. Ukija nitakufungulia mlango."

"Nitapiga hodi," akasema mama, na akakata kabla hawajamsikia akilia.

Fundi akaishusha simu. Jua lilikuwa limeshapanda, na mawimbi yaligonga mbao za boti polepole. Ticha alivua viatu vyake vilivyolowa, akavianika mbele ya boti, akajinyoosha.

"Daktari anapokea watu Jumamosi tu?"

"Hata Jumatatu. Kuanzia saa tatu."

"Jumatatu nitamwomba mwalimu wa darasa la pili anishikie watoto. Tutakwenda wote."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. "Na begi?"

"Begi utalifungua wewe. Nguo utazipanga wewe, moja moja, na zile za kupiga pasi utazipiga pasi."

"Zote."

"Zote, Fundi. Na mimi nitakuwa nimekaa nakutazama."

Kipara alirudi kwenye injini yake, akavuta kamba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haikuwaka.

"Polepole, shemeji," akasema Ticha, na akalaza kichwa kwenye paja la mumewe, jua likimpiga usoni. "Hatuna haraka."