Tangazo la Jumapili ya Tatu

"Kaa chini, binti. Misa haijaisha."

"Sikai, Padri. Umesema anayejua kizuizi aseme. Mimi ninakijua."

Kanisa zima la Nyansiongo likanigeukia. Nikasikia minong'ono: huyu Bonareri si ni Msabato? Ndiyo, Msabato, na hapo ndipo Thadeus Nyasani alipojidanganya. Alijua jina lake lingetangazwa Jumapili tatu kabla ya kupewa upadri. Alijua pia kwamba Jumapili mimi huwa shambani na jembe. Alisahau kuwa jirani yangu Esnah ni Mkatoliki, na mdomo wake haujui likizo.

Thadeus alikuwa pale mbele, shemasi ndani ya kanzu nyeupe. Akainamisha kichwa. Nilifurahi kumwona hivyo.

Baada ya Misa, Padri alinipeleka ofisini akasoma barua niliyomkabidhi.

"Bonareri wangu, usikubali mwanamume mwingine. Desemba naacha seminari, naleta ng'ombe kwa baba yako. Wako, Thadeus. 4 Juni 1972."

Padri akavua miwani.

"Mei mwaka huo huo, alipopewa ushemasi, aliahidi mbele ya askofu kwamba hataoa kamwe. Hii barua ni ya Juni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe au askofu, mmoja wenu alidanganywa."

"Padri, kwa barua kama hizi baba yangu alirudisha ng'ombe wa Momanyi wa Kiogoro, mwanamume mzima aliyenitaka kwa heshima. Nimengoja miaka sita. Ninazo zingine kumi, nikuletee?"

Padri akaikunja barua.

"Padri husimama altareni kwa niaba ya Kristo," akasema. "Siwezi kumsimamisha pale mtu wa maneno mawili. Nitampelekea askofu hii barua."

Mwezi haukuisha, jibu likaja: Thadeus hapewi upadri. Siku hiyo nilikula nikashiba, na sioni haya kusema.

Wiki iliyofuata akaja mwenyewe, amevaa shati la kawaida. Alinikuta nikikamua.

"Umefurahi, Bonareri?"

"Sana."

"Niliogopa kule seminari watanikataa. Nilitaka niwe na mahali pa kurudi."

"Mahali penyewe ndipo mimi?"

Akasogea karibu.

"Basi nimerudi. Tuoane. Leo hii naongea na baba yako."

Moyo ulinipiga, siwezi kuwadanganya. Mwanamume huyu nilimpenda mpaka nikawa kichekesho cha kijiji. Kisha nikakumbuka siku ile Momanyi alipowaswaga ng'ombe wake kurudi kwao, bila hata kuniangalia.

"Yaya," nikamkatalia kwa Kigusii, asije akadai hakuelewa. "Tena nilimuuliza Padri. Ushemasi haufutiki, na shemasi aliyeahidi kama wewe haoi. Altare huna, mke huna. Kaa hapo hapo katikati, uone mimi nilikaaje."

"Naweza kuandika Roma wanifungue ile ahadi!"

"Andika. Wakikufungua, tafuta mwingine umdanganye."

Akapiga magoti pale pale kwenye matope ya zizi, suruali yake nzuri ikaharibika.

"Basi nisamehe, Bonareri. Hilo tu. Niambie umenisamehe, niende."

Machozi yalikuwa yanamtoka kweli. Nikainua ndoo yangu ya maziwa.

"Kuondolea watu dhambi ni kazi ya padri, Thadeus. Nenda katafute aliyeipata."