Busu la Kobe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimwogesha kobe. Alimweka ndani ya beseni la vyombo jikoni, akamsugua gamba kwa brashi. Baba yake alikuwa akifanya hivyohivyo kabla hajasafiri kwenda kufanya kazi mbali. Ndiye aliyempa kobe jina la Haraka, kwa utani tu.

Baba aliondoka Kibonge, mdogo wake Chiriku, akiwa bado tumboni. Sasa Kibonge alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Basi, akishamwogesha kobe, Chiriku alimbusu kichwani, kisha akamsogeza kwa mdogo wake, kana kwamba kobe ndiye baba.

"Haya, mbusu baba."

Asubuhi moja Kibonge hakubusu. Alitapika. Mwili ulikuwa moto kama pasi.

"Mama! Njoo!"

Mama, ambaye ni fundi cherehani, aliacha shati la mteja likining'inia kwenye cherehani kwa mkono mmoja. Kibonge akaanza kuharisha, na kulikuwa na damu. Mama alimfunga mgongoni, akakimbilia zahanati. Huko mtoto alipimwa, akapewa dawa na maji ya chumvichumvi.

Siku ya tatu, asubuhi, alikuja jirani yao, muuguzi wa zahanati ileile.

"Mama Chiriku, majibu yametoka. Ni vijidudu vya salmonela. Mmempa mayai mabichi?"

"Wala, dada."

Muuguzi akachungulia jikoni. Chiriku alikuwa akimtoa kobe majini. Kikombe cha Kibonge kilikuwa pembeni.

"Hebu ngoja! Beseni hilo la nani?"

"La vyombo. Na la Haraka."

"Ahaa! Mwizi tunaye ndani ya nyumba."

"Lakini Haraka haumwi, shangazi!"

"Haumwi, kweli. Kobe hubeba vijidudu hivyo tumboni naye mzima kabisa. Vinatoka na kinyesi, vinakaa kwenye gamba, miguuni na kwenye maji yake. Huvioni, wala haviishi hata umsugue vipi. Mtu mzima anaweza kuharisha siku chache akapona. Mtoto chini ya miaka mitano anaweza kufa."

Chiriku alimkumbatia kobe kifuani.

"Msimtupe! Ni wa baba!"

"Kwanza acha kumkumbatia, mtoto wewe!" Muuguzi akapunguza sauti. "Nyumba yenye mtoto mdogo, heri isiwe na kobe. Lakini mkimbakiza, akae nje, kwenye uzio wake. Awe na beseni lake, lisiingie jikoni kamwe. Maji yake mwageni chooni. Kibonge asimguse. Wewe ukimgusa, nawa palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka. Na kumbusu, mwiko."

"Sasa Kibonge atambusu baba wapi?"

Mama akainama, akajifanya anatafuta sindano sakafuni.

Kesho yake lile beseni lilitoka jikoni moja kwa moja. Mama alinunua jipya la vyombo, akasugua jiko lote kwa sabuni na dawa ya kuulia vijidudu. Nyuma ya nyumba walijenga uzio wa matofali. Chiriku alitundika sabuni kwenye bomba la nje.

"Umenawa?" Mama aliuliza kila mara.

"Mpaka vidole vimekunjamana, Mama!"

Wiki tatu zikapita. Kibonge alirudi kula kwa mikono miwili, mashavu yakajaa. Tumbo halikumsumbua tena.

Jumapili baba alipiga simu. Mama alikuwa amekwisha kumweleza habari za ugonjwa.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Amepona."

"Alhamdulillahi. Na wewe, mke wangu?"

Chiriku alilijua jibu la mama. Kila Jumapili lilikuwa lilelile: mimi sijambo, wewe chapa kazi. Lakini leo, mama alimtazama Kibonge.

"Baba Chiriku," akasema, "mtoto alikuwa akimbusu kobe kwa sababu hamjui baba yake. Nami nilikuwa nikimwona, nikashindwa kumkataza. Kila wiki nakwambia sijambo. Sijambo wapi? Nina hamu nawe. Rudi nyumbani."